Dirisha Lisilo na Maneno

Watu wa ofisi ya mabomba walimwita Rula, na jina lilimkaa, kwa sababu mstari aliouchora kwa mkono mtupu ulinyooka kuliko wa mwenzake aliyeegemea rula. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za maji: bomba linatoka wapi, linapita chini ya barabara gani, linagawanyika wapi, valvu iko kona ipi. Siku moja alishuka mwenyewe mtaroni kuhakiki bomba ambalo mafundi walilikuta mahali ambapo ramani ilisema hakuna kitu. Ukuta wa udongo ukamwangukia. Walipomfukua alikuwa hai, lakini uhai wenyewe uliishia kiunoni.

Hospitali ilipomaliza ujuzi wake, alirudishwa nyumbani. Yeye na mkewe waliishi ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, lenye ngazi nyembamba zinazojikunja kama utumbo. Wanaume wanne walimpandisha kwa kiti huku wakitweta, wakimgonga magoti ukutani kila kona, na kuyaomba radhi magoti ambayo hayakusikia kitu. Walipomfikisha kitandani, mmoja wao alijifuta jasho akasema, "Bwana Rula, huku juu ndiko kwenu sasa. Kushuka tena, labda uote mbawa." Wote wakacheka, naye akacheka. Wakaenda zao, na utani ule ukabaki kuwa sheria ya nyumba.

Mkewe alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule. Asubuhi alimwosha, akamgeuza ubavu, akamwekea chakula na maji mahali mkono unapofika, akatoka. Jioni alirudi na nyuzi kwenye nywele. Mama yake Rula aliishi upande wa pili wa mji, kwa binti yake wa mwisho. Mwanzoni alikuja kila Jumapili, akipumzika kwenye kila kona ya ngazi, na akifika juu hakuwa na pumzi ya kusema zaidi ya neno moja: "Ngoja." Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua, daktari akampiga marufuku ngazi za aina yoyote. Ikawa mama hawezi kupanda na mwana hawezi kushuka, na mji mmoja ukageuka miji miwili.

Iliyobaki ilikuwa simu. Kila alasiri, akiamka usingizini, mama alipiga. Hawakuwa na mazungumzo mazito.

"Umegeuzwa ubavu leo?"

"Nimegeuzwa, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unanidanganya."

"Nimekula nusu."

Hapo mama angemsimulia jinsi paka wa jirani alivyozaa ndani ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, au jinsi taa ya ukumbini inavyopepesa macho siku ya kumi sasa wakati binti yake ni fundi anayetegemewa na ofisi nzima. "Mganga hajigangi," angesema, na Rula angecheka mpaka mgongo umkumbushe kwamba upo.

Binti huyo, mdogo wake Rula, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ileile ya mabomba. Walimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuna siku mkoba wake ulikosa bisibisi, na waliomzoea walikata jina wakamwita Bisi. Ndiye aliyesikia, akiwa amejipenyeza chini ya meza ya Mhandisi Mkuu akiunganisha nyaya, kwamba nafasi ya kaka yake itapewa mtu mwingine. Kalamu na karatasi zilikuwa zinaaga. Ramani zote sasa zilichorwa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, na mtu asiyeweza kuifikia kompyuta hiyo hakuwa mchoraji tena.

Alitoka chini ya meza na vumbi magotini. "Mhandisi, na kama akichora akiwa kitandani?"

"Atachoraje? Kompyuta iko hapa, yeye yuko kule."

"Nipe ile mashine ya zamani iliyoko stoo, na modemu mbili."

Mhandisi Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Akampa, akaongeza, "Lakini nataka kazi. Sitaki huruma."

Bisi aliipandisha mashine ile ghorofani ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Akaiweka juu ya meza waliyoipunguza miguu ili ikae sawa pembeni ya kitanda, akachomoa kwenye simu waya unaotoka ukutani na kuuchomeka kwenye modemu, kisanduku kidogo chenye taa nyekundu. Kisanduku kikapiga kelele kama kuku anayekabwa, kisha kikanyamaza.

"Sikiliza, kaka," alisema. "Usidhani mashine hii ina akili. Kazi yote inafanyika ofisini. Hapa ni kioo tu. Programu inafungua dirisha lake kule, halafu dirisha linaletwa huku kwa waya wa simu, kipande kwa kipande. Na waya wenyewe ni mwembamba. Wewe mambo hayo unayajua kuliko mimi."

"Tangi kubwa, bomba jembamba."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo unabofya mara moja, unasubiri. Usipoona kitu, usibofye tena. Kila kitu kinapanga foleni, na foleni ni moja."

Wakasubiri dirisha la kwanza. Ulitokea mstari mmoja juu ya kioo, kisha wa pili, kama mtu anayefunua shuka taratibu asimwamshe aliyelala. Mkewe Rula alikwenda jikoni, akachemsha chai, akaimimina, akarudi nayo, akakuta dirisha halijafika hata nusu. "Wifi," alimwambia Bisi, "litakapofunguka hili si tutakuwa tumeshazeeka?" Lakini lilifunguka. Ndani yake Rula aliiona ramani ya mtaa ambao alikuwa ameuchora kwa mkono wake alipokuwa kijana mgeni kazini. Akaweka kidole juu ya kioo, akalifuata bomba mpaka kwenye valvu.

Siku zilizofuata Bisi alifanya kila hila aijuayo. Aliondoa rangi, akaacha nyeusi na nyeupe. Akapunguza ukubwa wa herufi, akafuta mapambo ya kingo za madirisha, akaweka programu ya kubana kila kinachosafiri ili kipite kikiwa kidogo. Kilichokuwa kinachukua muda wa kuchemsha chai kikawa kinachukua muda wa kuinywa. Rula akaanza kutoa kazi. Mhandisi Mkuu, ambaye hakutaka huruma, hakuombwa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Rula alimwambia mama yake kwenye simu. Mama akasema yeye hajui koleo la kompyuta linafananaje, ila sauti ya mwanawe imerudi, na hilo linamtosha.

Lilibaki jambo moja ambalo Bisi hakulipatia dawa. "Ukikata laini, madirisha yote yanakufa," alimwambia kaka yake. "Programu ikikosa kioo cha kujionyesha inajizima, na kilichokuwa katikati kinapotea. Na laini ikiwa kazini, simu yako haiwezi kuita. Anayepiga atasikia inatumika."

"Na mama je?"

Wakawekeana ahadi. Kila alasiri Rula atahifadhi kazi yake, atafunga madirisha yote, atakata laini na kuiacha simu wazi mpaka mama apige. Wakishaongea ataunganisha tena.

Aliishika ahadi. Lakini kazi tamu hulevya, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila hata tone. Kufungua upya madirisha baada ya simu kulikula sehemu kubwa ya alasiri yake, naye akaanza kumharakisha mama bila kujijua. "Sawa mama, nimekusikia mama, basi mama wananisubiri." Siku moja mama akamkatiza. "Siku hizi," alisema, "unaongea kama mtu aliyesimama mlangoni." Rula alicheka. Kusimama, yeye! Akamsimulia mkewe jioni kama kichekesho, mkewe hakucheka.

Kisha ikaja kazi ya bomba kuu. Bomba lenyewe lingeleta maji katika nusu ya mji, na wakubwa wa kutoa kibali walikuwa wanakuja ofisini kesho yake asubuhi. Mhandisi Mkuu alitaka mchoro mzima pamoja na hesabu ya nguvu ya maji katika kila kipande cha bomba. Rula aliianzisha hesabu asubuhi, mkewe alipotoka tu. Programu ilitambaa kutoka bomba moja hadi jingine, ikijaza namba zake kwenye dirisha dogo pembeni ya kioo, na yeye huku akirekebisha mchoro. Ilipofika alasiri, hesabu ilikuwa imevuka katikati.

Akatazama saa ya ukutani. Akatazama namba. Akikata laini, hesabu inakufa, inaanza moja, na leo haitaisha. Akasema moyoni: mama ataelewa. Nitampigia mimi jioni, nitamwomba radhi, atanisema kidogo, yataisha.

Akaacha laini ilivyo. Akaagiza ramani nzima ionyeshwe kwa mara moja, kutoka chanzo mpaka bomba la mwisho, ili aikague. Alijua kuiagiza vile ni kuupitisha tembo kwenye tundu la panya. Mistari ikaanza kuteremka. Akavuta sahani yake, akala viazi vilivyokwisha kupoa, akitazama mji ukijichora kutoka juu kwenda chini.

Ramani ilipofika zaidi ya nusu, mara juu yake, katikati kabisa, likatokea dirisha dogo. Kingo nne na weupe ndani. Hakuna neno. Rula alikunja uso. Programu ile ilikuwa na tabia ya kutoa vidirisha vya malalamiko visivyo na kichwa wala miguu, na sasa hiki kimeufunika mchoro mahali anapopahitaji. Akapeleka kipanya kwenye kona yake, akabofya kukifunga. Kikakaa kidogo, kikatoweka, kikaacha shimo jeupe kwenye ramani, na shimo hilo nalo likaanza kujazwa upya, mstari baada ya mstari. Rula akafyonya.

Shimo halijaziba vizuri, dirisha likarudi. Palepale, tupu vilevile. "Una wazimu wewe," aliliambia, akalifunga tena.

Halikurudi mara ya tatu. Hesabu ikaendelea. Mwanga wa chumbani ulikuwa unageuka rangi ya majani makavu programu ilipoandika namba ya mwisho. Rula akahifadhi kila kitu, akanyoosha vidole, akafunga madirisha moja baada ya jingine kama mwenye duka anayemaliza siku njema. Akakata laini, akauchomeka waya kwenye simu.

Simu ikaita hata hajauondoa mkono.

"Mama," alisema, "usinigombeze, leo—"

"Ni mimi," alisema Bisi.

"Bisi! Mwambie mama leo nilikuwa na—"

"Mama amefariki, kaka."

Kwenye simu kulikuwa na sauti za watu wengi nyuma yake, na kitu chenye magurudumu kikipita. Rula alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa swali la kijinga, na alilijua ni la kijinga likiwa bado linatoka. "Lini?"

"Nimekupigia tangu mchana. Nimekupigia alasiri. Nilijua alasiri utakata."

"Nilikuwa na hesabu, Bisi, ilikuwa katikati, ningekata—"

"Najua ulikuwa na nini," alisema mdogo wake, na simu ikafa.

Mkewe aliporudi jioni alimkuta amelala chali, mkonga wa simu juu ya kifua, ukitoa mlio wake mmoja usiobadilika. Akauchukua, akaurudisha mahali pake. Akapanda kitandani na viatu vyake, akalala pembeni yake.

Siku ya mazishi walikuja wanaume wanne wa ofisini kumshusha. Mmoja wao alikuwa yuleyule wa utani wa mbawa. Safari hii alibana midomo na kutazama miguu yake. Walimfunga kwenye kiti kwa kanga mbili za mkewe ili asiteleze. Kona ya kwanza ilikuwa ngumu, ya pili wakaipatia, ya tatu wakapita kama wanashusha kabati. Ngazi zile, zilizomtenga na mama yake muda wote ule, zilichukua muda mfupi kuliko dirisha moja kufunguka. Pale chini jua lilimpiga usoni, akafumba macho, akamsikia mpangaji wa chini akimwambia mwenziwe, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kumbe anashukika."

Neno hilo lilimwingia na halikutoka. Anashukika. Angeweza kuwaomba Jumapili yoyote. Wasingekataa. Hakuwaomba kwa sababu aliona aibu kubebwa, na aibu hiyo aliipa jina la ngazi.

Makaburini magurudumu ya kiti yalizama kwenye udongo laini, wakamwacha mbali kidogo na kaburi, mkewe akisimama nyuma yake ameshika mishikio. Bisi alikuwa upande wa pili na hakutazama kwake hata mara moja. Udongo ulipokwisha kurudishwa na watu wakaanza kutawanyika, alimjia mchoraji mwenzake wa ofisini, mtu mpole waliyemwita Miwani. Akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Rula. Pole. Sisi tulijaribu, bwana. Bisi alinipigia ofisini kutoka hospitali, akanielekeza kwa simu nini cha kuandika, nikakutumia dirisha. Mara mbili nimelituma. Naona kwako liligoma."

Rula alimtazama. "Dirisha gani?"

"Dogo tu. Tuliandika maneno machache ili lisichelewe. 'Mama hospitali. Kata laini.' Basi."

Bisi alikuwa amekaribia bila wao kumwona. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Halikugoma," alisema. "Nilirudi ofisini jana nikaangalia. Lilifika, likafungwa. Mara zote mbili." Sasa ndipo alipomtazama kaka yake. "Uliliona?"

"Niliona dirisha. Halikuwa na maneno."

"Maneno yalikuwa njiani."

"Sikujua, Bisi. Lilikuwa tupu. Nilidhani ni—"

"Ulikuwa umeita ramani nzima. Maneno yalikuwa kwenye foleni nyuma ya ramani yako." Akaukaza mkoba begani. "Nilikufundisha kitu kimoja, kaka. Kusubiri. Kitu kimoja tu."

Miwani aliuachia mkono wa Rula polepole, kama mtu anayeweka chini kitu alichogundua kinaungua. Mkewe Rula alisema, "Wifi, si hapa," lakini wifi yake alikuwa ameshageuka, anatembea kati ya makaburi kwa hatua za haraka, mkoba wake ukimpiga ubavuni.

Maji yakimwagika hayazoleki, na nyumba ile ilijifunza kuishi na sakafu iliyolowa. Kwa muda Rula hakuigusa mashine. Bomba kuu lilipata kibali. Mhandisi Mkuu alituma salamu za rambirambi pamoja na za pongezi katika karatasi moja, na mkewe Rula aliikunja karatasi hiyo akaitia kwenye jiko. Baadaye kazi zikalimbikizana, naye akarudi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine alichojua kufanya na mikono yake. Kila alasiri alikata laini. Hakuambiwa na mtu. Aliiweka simu kifuani, akalala anatazama dari mpaka wakati ule upite, kisha akaunganisha tena. Wakati mwingine alijikuta anatayarisha majibu: nimegeuzwa, mama, nimekula, mama.

Bisi hakupiga wala hakuja. Modemu ya ofisini ikizimika, mtu aliiwasha, na Rula alijua ni nani, lakini hakukuwa na neno. Mkewe alikwenda kumtembelea akarudi ameinamisha kichwa. "Amekonda," alisema. "Nyumba haijafagiliwa. Amekaa na kompyuta anaandika, anaandika. Nikamwambia wifi, kula. Akasema ngoja."

"Alisema ngoja?"

"Ndivyo alivyosema."

Rula akageuza uso ukutani.

Kisha, asubuhi moja, walisikia hodi. Bisi aliingia na disketi mkononi, akamsalimu wifi yake, akamwamkia kaka yake kama mtu anayemwamkia afisa wa kaunta, akavuta kiti mpaka kwenye mashine. Akafanya kazi kwa muda mrefu. Mkewe Rula alileta chai, ikapoa. Kisha Bisi akasogea kando ili kaka yake aone.

"Madirisha sasa hayafungukii tena huku," alisema, akitazama kibodi. "Yanafungukia kulekule ofisini, kwenye kioo ambacho hakipo. Kompyuta inajifanya inacho. Hiki chako kinachungulia tu. Ukikata, kule kunabaki kama kulivyo. Anzisha hesabu."

Rula akaianzisha. Namba za kwanza zikatokea. Bisi akanyoosha mkono, akaung'oa waya kwenye modemu kwa nguvu, kama anayeng'oa jino. Kioo kikaganda. Akauchomeka waya kwenye simu, akauinua mkonga, akasikiliza, akaurudisha. Wakakaa. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Simu ilikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kupiga.

Alipounganisha tena, madirisha yalirudi moja baada ya jingine, kila moja mahali pake, na hesabu ilikuwa imesonga mbele, imepita mabomba mengi bila kumsubiri yeyote.

Mkewe Rula alishika mdomo. Rula alitazama namba zile na hakuona furaha hata chembe.

"Ulianza lini kuitengeneza?"

"Nilipotoka makaburini."

"Ingewezekana tangu mwanzo?"

Bisi alikuwa ameshika disketi, anaizungusha vidoleni. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Sikuifikiria. Nilikutegemea wewe, kwamba utakata." Sauti yake ilishuka. "Sipati usingizi, kaka. Nikikulaumu wewe, nusu ya usiku inapita. Nusu inayobaki najilaumu mimi."

Ndipo Rula alipouliza swali ambalo alikuwa amelimeza kila siku tangu siku ile. "Mama alisema nini?"

"Nani amekwambia alisema kitu?"

"Alisema nini, Bisi?"

Mdogo wake akaweka disketi juu ya meza. "Simu ilikuwa ukumbini. Nesi mmoja akatuonea huruma, akakisukuma kitanda cha mama mpaka pale ukutani. Nilipiga, nikamwekea mkonga sikioni, nikidhani safari hii utapokea. Ikawa inatumika. Nikataka kuuondoa, akaushika. Akasikiliza ule mlio muda mrefu. Halafu akaniuliza, 'Anaongea na nani wakati wote huu?' Nikamwambia haongei na mtu, mama, anafanya kazi. Akasema, 'Basi mwacheni afanye kazi.'"

Mkewe Rula alitoka, akaenda jikoni, wakasikia bomba limefunguliwa kwa nguvu.

"Alisemaje?" aliuliza Rula. "Kwa upole? Au alikuwa amekasirika?"

"Sijui."

"Ulikuwa umesimama pale, Bisi. Lazima unajua."

"Sijui, kaka. Nimejiuliza kila siku. Hakuwa na pumzi ya kutosha mtu kutofautisha."

Rula alianza kulia, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti ya mtu mzima ambayo haipendezi kusikika. Kwa kuwa hakuweza kujigeuza, alilia akiwa chali, machozi yakimwingia masikioni. Bisi hakumshika. Alibaki kwenye kiti chake, mikono kati ya magoti, naye analia akitazama sakafu. Walikaa hivyo, kila mmoja na kilio chake, mpaka vilipokwisha.

Aliondoka bila kula. Hakusema kwamba amesamehe, na kaka yake hakumwuliza. Hakuja Jumapili ile wala iliyofuata. Alikuja mvua zilipoanza, siku radi ilipounguza modemu, akaibadilisha, akaeleza jinsi mpya inavyotofautiana na ya zamani, na Rula akauliza maswali mengi kuliko alivyohitaji. Tangu hapo walizungumza mambo ya mashine. Yalikuwa mazungumzo ya kweli, marefu wakati mwingine, na mkewe Rula akiyasikiliza kutoka jikoni aliweza kudhani kwamba mambo yamekwisha. Mama hawakumtaja.